Baba ameshanitangaza daktari, na Fizikia nimepata D

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 17. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana katika shule ya kata, na matokeo yametoka: daraja la kwanza, pointi 13. Nyumbani walipiga vigelegele, mama akalia. Mimi nilifurahi siku moja tu. Kesho yake usingizi ukaanza kunipaa.

Alama zangu ni hizi. Jiografia A, Kiswahili A, Biolojia B, Kiingereza B, Historia B, Uraia B, Kemia C, Fizikia D, Hisabati D.

Tulipojaza Selform, ile fomu ya machaguo ya baada ya kidato cha nne, shuleni kabla ya mtihani, chaguo langu la kwanza niliandika PCB, yaani kombi ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Baba ndiye aliyetaka iwe hivyo. Baba yangu ni fundi ujenzi. Bibi, mama yake mzazi, alifariki nikiwa darasa la tatu. Aliugua usiku, wakamkimbiza zahanati wakakuta imefungwa, na alfajiri alipofikishwa hospitali ya wilaya alikuwa ameshakata roho. Tangu hapo baba ananiita "daktari wangu". Mafundi wenzake nao wananiita daktari. Kuna mzee jirani yetu akinikuta njiani ananionyesha goti linalomsumbua.

Sasa mfumo wa kubadili machaguo umefunguliwa. Mwalimu wangu wa Jiografia ananishauri nihamie CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Rafiki yangu anakwenda HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na ananivuta twende wote. Nilipomgusia baba habari ya CBG alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hiyo ni kombi ya waliokimbia Fizikia." Akainuka akatoka nje. Tangu siku hiyo hatujalizungumza tena, na siku zinakwisha.

Fizikia siipendi, Mwalimu. Mwalimu wetu alikuwa mmoja tu, akahamishwa tukiwa kidato cha tatu, tukakaa karibu mwaka mzima bila mtu wa kutufundisha. Maabara tuliingia wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Nikiwaza miaka miwili ya Fizikia ya advansi mwili unanisisimka.

Wakati nasubiri matokeo nilikuwa namsindikiza shangazi, dada yake baba, kumpeleka mtoto wake kliniki. Muuguzi alikuwa peke yake na foleni ni ndefu, akaniomba nimsomee namba za mizani yeye akiandika. Nikawa naenda kila Jumanne, hata shangazi asipokwenda. Kuna mtoto alikuja uzito wake uko chini sana kwenye kadi. Mama yake akaelekezwa namna ya kumlisha, na mwezi uliofuata nikasoma namba yake imepanda. Furaha niliyoipata siku ile iliipita ya matokeo yangu.

Nikibaki PCB naogopa kufeli. Nikihama namvunja baba moyo, na naona kama nitakuwa nimemsaliti bibi. Nifanye nini?

Kuna jambo jingine dogo. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina langu la katikati limeandikwa tofauti kwa herufi moja na lilivyo kwenye matokeo. Watu wanasema si kitu. Ni kweli?

Binti wa Fundi

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Pointi 13 kutoka shule iliyokaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa Fizikia si kazi ndogo. Usiruhusu hofu ya mwezi huu ikunyang'anye hilo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mtoto anayeogopa Fizikia. Mara ya pili nilimwona baba. Mara ya tatu nikatafuta sentensi moja ambayo nilidhani imo, nikaikosa. Hakuna mahali ulipoandika kwamba hutaki kutibu watu. Umesema huipendi Fizikia. Umesema unaogopa kufeli. Lakini ulipofika kwenye zile Jumanne za kliniki, mwandiko wako ulibadilika. Hakuna aliyekutuma kwenda, ukaenda hata shangazi yako asipokwenda, na namba ya mtoto mmoja kwenye mizani ilikufurahisha kuliko cheti chako mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote kwenye mfumo, tenganisha mambo mawili ambayo nyumbani kwenu yamefungwa fundo moja: kazi ya kuhudumia afya za watu, na tahasusi, yaani kombi, inayoitwa PCB.

Tuanze na hiyo PCB, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

D ya kidato cha nne ni alama kuanzia 30 hadi 44. C inaanzia 45. Cheti hakitakuambia kama ulikosa C kwa alama moja au kama uliponea chupuchupu kupata F, na kwa mtu anayefikiria PCB tofauti hiyo ni kubwa mno. Mimi nimefundisha Kemia sekondari kwa miaka zaidi ya 20, nikakaa ofisi moja na walimu wa Fizikia, na nimeona D za aina mbili. Kuna D ya mtoto ambaye somo halimwingii hata akifundishwa vizuri. Na kuna D ya mtoto ambaye hakufundishwa. Wewe mwenyewe umenipa sababu ya kushuku kwamba yako ni ya pili.

Ithibitishe. Tafuta karatasi ya mtihani wa taifa wa Fizikia wa mwaka wowote uliopita, kaa nayo saa tatu kamili bila daftari, kisha mpe mtu anayejua aisahihishe. Usihangaike na jumla. Angalia alama umezipoteza wapi. Mada za kidato cha tatu ni zile za msuguano, mwanga, joto na umeme wa mkondo, na huo ndio mwaka ambao hamkuwa na mwalimu. Ikiwa umeanguka zaidi huko, na mada za kidato cha kwanza na cha pili umezijibu bila taabu, basi tatizo lako ni pengo, na pengo linazibika: kidato cha tano hufunguliwa Julai, una miezi ya kujisomea. Ikiwa umeanguka kila mahali, hata kwenye nguvu na mwendo ambavyo mlifundishwa, hilo nalo ni jibu, na ulipokee bila kujilaumu.

Nakuambia haya kwa sababu Fizikia ya advansi haina huruma. Ina karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo, imejaa hesabu, na hesabu nako una D. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, kwa hiyo kuanzia Julai unapoingia huifikii miaka miwili kamili, na hapo hujatoa likizo. Shule nyingi hukimbia na mada tangu wiki ya kwanza.

Ili usome shahada ya udaktari wa binadamu kupitia kidato cha sita, unatakiwa ufaulu kamili wa masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Biolojia. Ufaulu kamili unaanzia E, yaani alama 40. Chini yake kuna S, ya 35 hadi 39, ambayo haihesabiwi kuwa ufaulu kamili. Na katika hesabu ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya kuingilia chuo kikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu pointi. Mtoto anaweza kutoka PCB na E tatu, nyumbani wakachinja kuku, kumbe mkononi ana pointi 3 tu, na kiwango cha chini cha kuombea shahada yoyote ni pointi 4 kutoka masomo mawili. Udaktari unataka zaidi ya hapo, kwa kuwa wanaougombea ni wengi na nafasi ni chache.

Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mwenye bidii ya kutisha, aliyelazimishwa PCB akiwa na D ya Fizikia kama wewe. Alikesha kwenye Fizikia miaka miwili. Alitoka na S ya Fizikia, na Biolojia aliyokuwa akiipata bila jasho ikashuka hadi D kwa sababu muda wake wote ulimezwa na somo moja. Hilo ndilo ninalolihofia kwako. Kufeli Fizikia peke yake kungevumilika. Kinachouma ni pale inapokokota na masomo unayoyaweza.

Kuhusu CBG, mwalimu wako wa Jiografia hajakupotosha. Kemia C, Biolojia B na Jiografia A ni msingi unaosimama wenyewe. Lakini na baba yako hajakosea kabisa, na ni haki yako kuambiwa ukweli wote: CBG inafunga njia ya moja kwa moja ya shahada ya udaktari wa binadamu. Alichokosea ni kuiita kombi ya waliokimbia. Kutokea CBG watu wanakwenda kilimo, mazingira, wanyamapori, ualimu wa sayansi, na lishe. Hapo kwenye lishe simama kidogo. Yule mtoto wa kliniki hakupewa sindano. Mama yake alielekezwa namna ya kumlisha, na mtoto akapanda. Hiyo ni taaluma inayosomewa hadi shahada. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wana shahada ya lishe ya binadamu, na halmashauri zina maafisa lishe. Sijui kama ndiko moyo wako uliko. Nakuonyesha tu kwamba ulichokiona Jumanne kina jina.

HKL ni tahasusi nzuri kwa anayependa lugha na historia. Katika barua yako yote hukuitaja mara ya pili. Rafiki utampata popote.

Sasa kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia, na ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Wewe leo, kwa cheti hicho hicho cha kidato cha nne, bila kidato cha tano wala cha sita, una sifa za kuomba stashahada ya utabibu au ya uuguzi na ukunga. Vyuo vya afya vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, vinataka ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia yakiwamo. Unayo yote. Ile D unayoifichia uso inatosha kukufungulia mlango huo. Ni miaka mitatu, mwishoni unatoka mtaalamu anayeweza kuomba leseni ya kazi. Na ukitaka baadaye kuendelea na shahada, hata ya udaktari kama ulisoma utabibu, mlango wa wenye stashahada upo: kwa kawaida wanadai GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza ya kidato cha nne. Wewe hayo umeshafaulu. Masharti ya kila chuo yamo kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, na kuna mwongozo wa wenye stashahada peke yake. Usome huo, acha wa mwaka juzi unaozunguka kwenye simu za watu.

Rudi kwenye usiku ule wa bibi yako. Baba yako anakumbuka zahanati iliyofungwa, na miaka yote hii amekuwa akisema alihitajika daktari. Lakini zahanati zetu za vijijini, mwanangu, huongozwa na matabibu na wauguzi. Madaktari wenye shahada wengi wako hospitalini. Mtu aliyekosekana mlangoni usiku ule alikuwa tabibu au muuguzi. Ukienda stashahada hiyo, humwachi bibi nyuma. Unakwenda kusimama kwenye mlango ule ule.

Usilichukue hili kama agizo. Kama ukijiuliza kwa utulivu ukaona hutaki kabisa habari za wagonjwa, ulikuwa unapenda watoto na mizani tu, nenda CBG kwa amani na uifanye vizuri. Kama ile karatasi ya Fizikia itaonyesha pengo la kidato cha tatu tu, na wewe mwenyewe, si baba, ukasema unataka kupambana, PCB haijafa. Lakini anza kujisomea wiki hii, usisubiri Julai. Ukiniuliza mimi ningemshauri nini binti yangu wa kuzaa mwenye alama hizo na Jumanne hizo, ningemwambia aombe stashahada, na kwenye Selform abadili PCB iwe CBG ili awe na pa kusimama nafasi ya chuo ikichelewa au isipopatikana.

Pesa lazima izungumzwe, hasa nyumba inayotegemea mkono wa fundi mmoja. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo CBG au PCB itawagharimu nauli, godoro na mahitaji ya bweni. Chuo cha afya kina ada kila mwaka, na vya binafsi ni ghali kuliko vya serikali. Kuanzia 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na baadhi ya kozi za afya zimo, ila si zote, kwa hiyo hakikisha kwanza kama yako imo. Mkopo si ahadi. Muulize baba anaweza kubeba nini kabla hujajaza jina la chuo.

Na baba mwenyewe usimwendee tena peke yako. Ulipomgusia alitoka nje. Nadhani alitoka ili usimwone. Mtangulize shangazi. Yeye ni dada yake, ana nafasi ya kumwambia kaka yake maneno ambayo kwako yangekuwa utovu wa adabu. Amekuona kliniki kwa macho yake. Na bibi alikuwa mama yake pia. Mweleze yote niliyoandika hapa, muoneshe ule mstari wa sifa za chuo, umwombe akae nanyi jioni moja baba akishapumzika kutoka saiti. Usianze na Fizikia. Anza na zile Jumanne, maana sidhani kama baba anazijua. Halafu mpe mwongozo ausome mwenyewe. Fundi anayepima ukuta kwa kamba na timazi ataziheshimu namba akiziona, na humo namba zimo: D kwenye cheti chako, na D kwenye sharti la chuo.

Fanyeni hivyo wiki hii. Dirisha likifungwa, utapangwa kwa ulichokijaza ukiwa bado shuleni, na kuhama baada ya hapo ni safari ndefu ya barua na ofisi.

Kuhusu jina lako: waliokuambia si kitu wamekosea. Herufi moja imewachelewesha wengi. Ukiomba mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na jina lisipofanana na la cheti cha mtihani ombi linakwama wakati wenzako wanasonga. Kuna watoto nimewaona wakihangaika na hilo mwezi ule ule wa kufungua chuo. Nenda ofisi ya RITA wilayani kwenu ukiwa na cheti cha kuzaliwa, matokeo yako na mzazi mmoja, waulize kama kosa liko upande wao na linarekebishwa vipi. Ikiwa liko kwenye jina la mtihani, anzia kwa mkuu wa shule uliyosoma. Wakikwambia utahitaji hati ya kiapo, itafute mapema na utoe nakala tatu au nne, maana itaombwa kila unapokwenda. Nenda na mama. Baba mwache kwanza azungumze na dada yake.